Dakika Bila Saa

Kabla hata haijawashwa, ile saa iligoma kukaa kwenye boksi lake. Upande mmoja wa bodi ulizama vizuri, upande wa pili ukabaki umenyanyuka, kifuniko kikawa hakifungi. Mimi ni mshonaji, na kitu kisichofungika dawa yake naijua. Nikachukua kipande cha lastiki ya sketi, nikaizungushia saa ya watu kiunoni, nikaikaza, nikarudi kwenye cherehani. Kwa nini imenyanyuka, sikuuliza. Nilikuwa na sare za shule za mapacha zilizotakiwa kabla ya Jumatatu, na mama yao ni mtu wa kusimama mlangoni mikono kiunoni.

Nilikuwa nimechoka, jamani, na si uchovu ule wa kulala ukaamka umepona. Mume wangu alitoka hospitali na mkono wa kushoto unaoning'inia na mguu wa kushoto unaoburuzika, kiharusi kimeshapita na vyake. Tangu hapo mimi ndiye mkono na mimi ndiye mguu. Namnyanyua, namwogesha, namvisha, namketisha, kisha nakimbilia nguo za wateja. Hospitali waliniambia nisimame siku zote upande wake mbovu, asije akaanguka. Pengine waliniambia na mengine, lakini siku ile masikio yalikuwa yangu kwa jina tu. Hilo moja nililishika. Nikahamia kushoto kwake. Nilimshikia kushoto, nilimwekea chakula kutokea kushoto, hata cherehani niliisogeza dirishani, kushoto kwa kiti chake, ili akiyumba tu nimdake.

Mtaa mzima humwita Wati, na mimi nimezoea vivyo hivyo. Ni fundi wa redio na televisheni. Yeye na mdogo wake wana kibanda cha ufundi barabarani, meza mbili, moja ya kila mmoja. Kiharusi kilipompiga, meza yake ikabaki na vumbi. Siku moja shemeji yangu akaja, akakaa ukingoni mwa kiti, akakuna kichwa kabla hajaulizwa.

"Shemeji, kuna fundi anaiulizia ile meza," akasema. "Mimi simfukuzi kaka yangu, usinielewe vibaya. Lakini meza haiwezi kukaa tupu milele. Mkono wake wa kulia si mzima? Na anionyeshe basi, nami nimwambie huyo mtu atafute kwingine."

Binti yetu, ambaye kazi imempeleka mbali, ndiye aliyetupatia cha kuonyesha. Alimtumia baba yake saa ya umeme ya kujiundia mwenyewe: bodi moja ya kijani, vioo viwili vyekundu vya namba, kimoja cha saa na kimoja cha dakika, na vijidude tele ndani ya vifuko. Shemeji akaifurahia mno. "Basi kwisha! Wati akiiunda hii ikaenda, anarudi mezani. Jumamosi mchana nakuja kuiangalia."

Wati alitaka kurudi kibandani, hilo halina ubishi. Ila mimi nilitaka zaidi yake, na sioni haya kusema. Nilitaka nyumba yangu mchana. Nilitaka kukaa nikanywa chai mpaka mwisho wa kikombe bila mtu kuniita. Nilitaka mtu mwingine, hata kwa nusu siku, awe ndiye anayesikiliza kama kuna kitu kimeanguka puu.

Na kilichonikera kuliko kazi yenyewe ni maneno. Binti akipiga simu, namwekea baba yake sikioni, kisha narudi kushona, hatua chache tu kutoka kiti chake. Namsikia kwa masikio yangu: "Mama yako? Mama yako hashindi hapa. Anakuja, ananiweka kitini, anapotea. Naachwa peke yangu kutwa." Nami nipo! Nipo hapo hapo, mguu kwenye pedali, sindano inaruka, na mtu mzima ananisengenya mbele ya macho yangu. Mara ya kwanza nilidhani utani. Mara ya pili nilimuuliza, "Wati, unanisema mimi?" akageuka kulia akatazama mlango kana kwamba nimetokea huko. Nikasema sawa, ndoa imefika hapo. Mtu akiugua hukasirika, na hasira lazima apewe wa karibu. Nikajikaza kisabuni.

Saa tuliiunda pamoja, kama kuunda ndiko kule. Karatasi ya maelekezo aliikataa. "Mimi sikufundishwa na karatasi." Alikuwa anachukua kijidude, anakisogeza karibu na jicho, anasoma rangi zake, ananitajia jina. Mimi natafuta jina hilo kwenye bodi, nachomeka miguu yake ya waya kwenye matundu, naikunja kidogo kwa nyuma isidondoke. Vidole vyangu vimezoea kutunga sindano, kazi hiyo haikunishinda. Tulipomaliza kuchomeka vyote, alinifanya niibane bodi kwenye jiliwa lake dogo la mezani, kile chuma cha kubania, mgongo juu. Wati bodi haigeuzi kama ukurasa wa kitabu. Huipindua juu kuja chini, kama mtu anayefunua kalenda ya ukutani, ili kulia kubaki kulia na kushoto kubaki kushoto, asichanganyikiwe. Hapo mimi nikarudi kwenye sare zangu. Sehemu iliyobaki ilikuwa yake: kuyeyusha risasi, ule uzi laini wa kuungia, kila mguu wa waya ushikane na bodi, kisha kukata vichwa vya waya vilivyobaki kwa koleo.

Nilimsikia anapiga mluzi. Tangu kiharusi hakuwahi kupiga mluzi. Moshi wa risasi ukajaa chumbani, harufu ile ile aliyokuwa anarudi nayo shatini miaka yote, na moyo wangu ukasema haya, mambo yanakaa sawa.

"Tayari!" akaita.

Ndipo nikaiweka kwenye boksi, ikagoma, nikaikaza kwa lastiki. Tukachomeka umeme. Upande wa kulia zikawaka namba, nyekundu, safi. Upande wa kushoto, giza.

"Imekubali!" Wati akajipiga pajani kwa mkono mzima. "Umeona? Umeona lakini?"

"Nimeona dakika. Saa iko wapi?"

"Saa ndiyo hii."

"Wati, hii inaonyesha dakika tu. Huku hakuna kitu."

"Saa inaenda, mama. Au unataka ipige na tarumbeta?"

Akabonyeza kitufe cha kurekebishia dakika, namba zikapanda, akatabasamu. Kitufe cha saa, kilichoko upande wa pili, hakukigusa. Nikamtazama vizuri. Hakuwa anatania. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyemaliza kazi. Nikajiambia, jamani, kumbe si mkono na mguu tu. Na kichwa kimekwenda.

Nikaenda uani nikampigia binti.

"Mama, usilie," akasema. "Ngoja kwanza. Vile vioo vinachomoka. Cha kushoto kiweke kulia, cha kulia kiweke kushoto. Kama kimoja kimekufa, giza litahama nacho."

Nikarudi nikafanya hivyo. Kioo kilichokuwa giza, nilipokihamishia kulia, kikawaka kama taa. Na kile kilichokuwa kinawaka, nilipokiweka kushoto, kikazimika. Kwa hiyo vioo vyote ni vizima, na ubaya uko upande wa kushoto wenyewe. Hapo hata mimi mshona sketi nilielewa. Na kikalio cha kushoto, mahali kioo kinapochomekwa, kilicheza kidogo chini ya vidole vyangu. Kile cha kulia hakikucheza.

"Wati, pima upande huu."

Akachukua mita yake, mimi nikamshikia waya mweusi. Akapima. Kila akigusa, mita inalia, naye anasema, "Safi." Anagusa kingine. "Safi." Kingine. "Safi kabisa." Alikuwa anapima kulia tupu.

"Na huku?"

"Huku wapi?"

"Huku!" Nikagonga bodi kwa kucha.

"Bodi nimepima yote. Usinifundishe kazi."

Ebo! Mimi nikarusha mikono. Tukabishana pale kama watoto wanaogombea kamba, yeye anasema nimezoea kumtafutia makosa, mimi nasema makosa hayatafutwi, yako mezani yamekaa. Mwisho akageuza uso kulia, kwenye mlango, nami nikabaki nimesimama kushoto kwake na maneno yangu. Siku hiyo ilikwisha hivyo, na iliyofuata haikuwa bora. Kila nikipita naitazama saa: dakika zinakwenda, saa hakuna. Nikaanza kupanga cha kumwambia shemeji. Nikafikiria hata kumwomba aje na risasi yake mfukoni aiunge kimya kimya, Wati asijue. Ndivyo nilivyokuwa nimeishiwa.

Jumamosi ikafika. Nilimpakulia chakula mapema ili shemeji atukute tumemaliza. Wali na maharage, sahani imejaa, maana Wati si mtu wa kupakuliwa kwa kijiko. Nikamwekea kutokea kushoto kama kawaida, nikarudi kwenye cherehani. Baada ya muda nikamsikia anagonga kijiko.

"Mama! Siku hizi mnanipunja chakula au vipi?"

Nikainuka. Sahani ilikuwa imeliwa nusu. Kulia hakuna hata punje, pameng'aa. Kushoto chakula kimesimama kama ukuta, hakijaguswa. Na haikuwa mara ya kwanza. Kila siku nilikuwa nakuta nusu imebaki, naitupa, nasema hamu ya kula imepungua, ni ugonjwa. Lakini siku ile nilikuwa nimefika mwisho wa uvumilivu. Nimeamka kumfulia mtu, nimempikia, halafu ananiambia namnyima? Nikaishika sahani nikaizungusha kwa nguvu mpaka mchuzi ukaruka kwenye shati lake.

"Na hiki ni nini? Ni mapambo?"

Wati akatazama. Chakula sasa kilikuwa kulia.

"Aa," akasema, akachukua kijiko. "Ulikuwa umekiweka wapi?" Akaanza kula, kwa njaa kabisa, mtu aliyekuwa na njaa kweli.

Hasira ikanitoka yote, sijui ilikwenda wapi. Nikabaki namtazama anavyokula. Nikautazama na uso wake. Alikuwa amejinyoa asubuhi ile kwa ajili ya mdogo wake, kwa mkono wake mwenyewe. Shavu la kulia laini. Shavu la kushoto ndevu zimesimama, za siku nyingi. Nami nilikuwa nikiziona kila siku, nasema uvivu huo, ngoja nipate nafasi nimmalizie. Nikatazama chini: kandambili ya kulia imevaliwa, ya kushoto iko pembeni, mguu uko sakafuni mtupu. Bega lake la kushoto lina alama ya fremu ya mlango. Yote hayo nilikuwa nayaokota moja moja na kuyaweka kando. Hapo yakaja kwa pamoja.

Nikaenda kwenye saa. Nikachomoa umeme, nikafungua lastiki, nikaitoa bodi, nikaipindua kama anavyoipindua yeye, juu kuja chini.

Nusu ya kulia ilikuwa kazi ya Wati. Kila tone la risasi duara, limeng'aa, waya umekatwa sawasawa na tone. Nusu ya kushoto haikuguswa. Miguu yote ya waya ilikuwa vile vile nilivyoikunja mimi, mirefu, imesimama, haina risasi hata chembe. Ilikuwa uso wake ule ule, nusu umenyolewa na nusu haujanyolewa. Na ile miguu mirefu ndiyo iliyokuwa inaigomesha saa kukaa kwenye boksi.

Nilikaa kitako. Nilitaka kucheka na nilitaka kupiga kelele. Kumbe kichwa hakikwenda. Kumbe hakuwa mkaidi, hakuwa mvivu, hakuwa na dharau. Mkono unajua kazi, jicho ni zima, lakini upande wa kushoto wa dunia nzima kwake haupo. Haoni giza pale. Hajui hata kwamba upo.

Nikaibana bodi kwenye jiliwa, mgongo juu. Kisha nikalizungusha jiliwa lenyewe, kama nilivyoizungusha sahani, mpaka kilichokuwa kushoto kikawa kulia. Nikamwondolea chakula, nikampangusa mkono, nikalisogeza mbele yake.

Wati akainama. Akakunja uso.

"Hii kazi ya nani?"

Akaigusa ile miguu mirefu kwa kidole.

"Nani kaacha hivi? Fundi gani huyu anaacha nusu ya bodi bila risasi halafu anachomeka umeme? Huyu si wa kumpa hata tochi atengeneze." Akanitafuta kwa macho, kulia, asinipate. "Ni mdogo wangu? Alikuja?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mdogo wake angeibeba tu lawama hiyo, ana mgongo mpana.

"Ni wewe, Wati," nikasema.

"Acha masihara."

"Ni wewe. Upande huu ulikuwa kushoto. Chakula ulichosema nimekupunja kilikuwa kushoto. Ndevu zako za kushoto hujazinyoa. Zishike."

Akapeleka mkono wa kulia shavuni, taratibu, akavuka pua, akafika ng'ambo. Vidole vikasimama. Vikarudi kulia, vikavuka tena. 

"Niwashie pasi ya risasi," akasema mwisho.

Akaunga yote. Hakupiga mluzi safari hii. Tone baada ya tone, bila haraka. Akakata vichwa vya waya, vikaruka ruka mezani. Bodi ikaingia kwenye boksi bila ubishi, kifuniko kikafunga, lastiki yangu nikairudisha kwenye kopo. Tukachomeka umeme, na namba zikawaka pande zote mbili, naye akabonyeza kitufe cha dakika mpaka zikawa sawa.

Nikaiweka mbele yake, katikati kabisa.

"Saa ngapi, Wati?"

"Arobaini na tatu."

"Hizo ni dakika. Nakuuliza saa."

Akatazama, akakodoa. "Hakuna saa hapa. Bado haijakubali?"

Nikaenda nyuma ya kiti chake, nikamshika kidevu kwa mikono yote miwili, nikamgeuza kichwa kushoto. Polepole. Kidogo. Tena kidogo. Nikahisi anashtuka mikononi mwangu.

"Lo!" akasema kwa sauti ndogo. "Kumbe ilikuwepo."

"Ilikuwepo."

Nikakiachia kidevu. Kichwa kikarudi kulia chenyewe. Akakigeuza tena kwa nguvu zake, akaiona, kikarudi. Akafanya hivyo mara nyingi, anakwenda na kurudi, kama fundi anayejaribu swichi asiyoiamini. Mara moja akiwa amegeuka akanyoosha mkono wa kulia, akakifikia kile kitufe cha saa, akarekebisha mpaka ikawa sawa. Kisha akaufunika uso kwa mkono huo huo. Sikujua nimfanyeje. Nikampangusa mchuzi uliokuwa kwenye shati.

Shemeji aliingia akiwa na kelele zake. "Shemeji yangu mrembo, mbona nyumba inanuka risasi? Umehamia ufundi unioe na mimi?"

"Nikuoe wewe nikulishe nini? Mmoja tu ananimaliza," nikamjibu, lakini mzaha haukuwa na chumvi.

Akaichukua saa. Akaitazama mbele, akafungua, akaitazama mgongo. Akapiga mluzi. "Hizi ndizo risasi za Wati! Tazama hili tone. Tazama hili. Nani mwingine mjini anaunga hivi?" Akampiga kaka yake begani. "Yule mtu wa meza namwambia leo leo atafute kwingine. Jumatatu nakufuata mwenyewe."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwa jikoni. Nilijua. Nilijua umeme uliomo ndani ya televisheni iliyofunguliwa, maana miaka yote Wati amekuwa akiniambia nisiguse hata ikiwa imezimwa. Nilijua nusu ya televisheni itakuwa haipo kwake. Lakini niliifikiria na Jumatatu: nyumba kimya, kikombe cha chai, mimi mwenyewe. Nikaangalia sakafu. Nikajisemea, atageuza kichwa, ameshajifunza, mdogo wake atakuwepo. Mdomo wangu ambao hauna breki ukafunga breki.

"Soketi ya umeme pale mezani kwangu," Wati akauliza, "iko upande gani?"

"Si uliiweka mwenyewe? Kushoto."

"Basi sirudi."

Shemeji akacheka. Akaona anacheka peke yake, akaacha. Wati akamweleza yote, bila kupunguza: sahani, ndevu, nusu ya bodi. Akamwonyesha na kwenye saa, akamsomea dakika, kisha akakigeuza kichwa kwa shida akamsomea na saa.

"Soketi tutaihamisha, kaka. Kazi ya dakika mbili hiyo."

"Soketi utaihamisha. Na moto ulio ndani ya televisheni utauhamisha? Nimeunga bodi nzima nikaacha nusu, na nilikuwa napiga mluzi. Ningeapa kwamba nimemaliza." Akamsogezea saa. "Mpe huyo fundi meza. Siku kichwa kitakapozoea kugeuka bila kuambiwa, nitakuja kuiomba mwenyewe."

Shemeji akanigeukia, macho yamemjaa maji. "Shemeji, ulikuwa unajua?"

"Nimejua leo," nikasema. "Na sikutaka kusema."

 Shemeji akakaa kidogo, akaizungusha zungusha saa mikononi, akaiweka mezani upande wa kulia, akaaga.

Nilikwenda jikoni nikalia. Na nilie kwa huruma? Wapi! Nililia kwa hasira. Jumatatu yangu imekwenda na meza imekwenda, na aliyeipeleka ni yeye, kwa mdomo wake, bila hata kuniuliza. Nililia mpaka kamasi. Kisha nikanawa uso, nikatoka, maana sare za mapacha zilikuwa bado hazina vifungo.

Nikaitazama cherehani pale dirishani. Nikamtazama yeye kitini, uso umeelekea mlangoni, kulia, ambako hakuna mtu. Nikakumbuka yale maneno ya kwenye simu. Naachwa peke yangu kutwa.

Nikaishika cherehani kwa kichwa chake, nikaiburuta. Ni ya chuma ile, ina miguu mizito, ilipiga kelele chumba kizima na kuchora sakafu. Nikaipitisha nyuma ya kiti chake, nikaivusha mpaka ng'ambo, kulia kwake, karibu na mlango, ambako mwanga ni mbaya na upepo unarusha uzi. Nikaketi. Nikatunga sindano. Nikakanyaga pedali.

Wati akashtuka.

"Umekuja," akasema.

"Sijatoka. Nilikuwa pale dirishani."

"Ile cherehani ya dirishani ni ya jirani. Naisikia kila siku."

"Jirani hana cherehani, Wati."

 Akanitazama, na akaendelea kunitazama, mikono, shingo, kitambaa cha kichwani, kama mtu aliyefungua mlango akakuta mgeni wa siku nyingi. Saa ilikuwa mezani kati yetu, inakwenda.

"Mbona umekonda hivi?" akaniuliza.

Nilitaka kumpa jibu la kumkata, maana mdomo ninao. Halikuja. Nikaegemea cherehani nikalia tena, na safari hii aliniona.